Mchoro haufichi ukuta, unauanika: Soma hii kabla ya kupaka bafu lako

Saa hii ukifungua simu, lazima ukutane nayo. Video ya nusu dakika: mtu anabandika tepu ukutani, anapaka rangi mbili tatu, anabandua tepu, na bafu lililokuwa kama la stendi ya matatu linageuka kuwa la hoteli. Pembetatu safi, mistari imenyooka kama reli. Na wewe uko kwa bedsita yako Roysambu ama Pipeline, unaangalia ukuta wako wa krimu iliyochoka, unajiambia: hii hata mimi naweza.

Unaweza, sikatai. Lakini kuna kitu ile video haikuonyeshi, na ndicho kinachoamua kama utafurahia ukuta wako ama utaulaani kila asubuhi ukipiga mswaki. Wengi wanadhani mchoro unaficha ukuta mbaya. Ni kinyume. Rangi moja iliyotulia inasamehe. Ukuta ukiwa na kibonde, jicho linapita tu. Chora mstari juu ya hicho kibonde, mstari unapinda, na kila mgeni anayeingia humo ana muda wa kutosha wa kuutazama.

Kwa hivyo kazi yenyewe si kupaka. Kazi ni kuujua ukuta kwanza. Ukishaujua, kupaka ni mchezo wa Jumamosi moja.

Kwanza, ukuta ni wa nani?

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalouma mfukoni. Kama umepanga, ukuta si wako, na dipoziti yako imekaa kwa mtu mwingine. Usipake hata kidole kabla ya kuongea na mwenye nyumba. Na ukiongea naye, usiishie kwa "ni sawa" ya kwenye ngazi, maana keateka anaweza kubadilishwa na mwenye nyumba anaweza kusahau. Mwandikie ujumbe WhatsApp: ukuta gani, rangi gani, na kwamba ukihama utaurudisha ulivyokuwa. Akijibu sawa, piga screenshot na uihifadhi. Piga picha pia za ukuta ulivyo sasa, pamoja na nyufa na madoa yote, ili siku ya kuhama usije ukaulizwa kuhusu ufa uliokukuta.

Wapo watakaokuuliza: mbona ujisumbue na nyumba ya mtu? Jibu ni rahisi. Nyumba ni ya mtu, lakini miaka unayoishi humo ni yako. Na kwa bedsita, bafu ndicho chumba pekee chenye mlango unaoweza kujifungia uwe peke yako. Kutaka hicho chumba kikupendeze si kujisikia.

Lakini kuna mpaka. Kama ukuta unavuja, hiyo si kazi ya mpangaji kuipamba. Rangi haizibi bomba.

Uulize ukuta kama umelowa

Jaribio hili halikugharimu kitu. Tafuta kipande cha plastiki inayoonyesha, ile ya kufunikia vitabu vya shule ni poa kabisa, ukubwa wa daftari. Kausha ukuta kwa kitambaa, bandika plastiki hapo na uzibe pande zote nne kwa tepu. Iache siku moja mpaka mbili, kisha uangalie.

Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Huenda ni bomba la jirani wa juu, huenda ni ufa wa nje unaokunywa mvua, huenda ni viungo vya tailsi vilivyoachia. Hapo weka brashi chini, mpigie keateka. Ukipaka juu ya maji hayo, rangi itavimba kama chapati na kubanduka.

Ukikuta matone upande wa nje tu, huo ni mvuke wako wa kuoga unaokosa pa kutokea. Tatizo hilo ni lako na dawa yake ipo: acha dirisha wazi ukimaliza kuoga, acha mlango wazi pia kama hewa haipiti, na futa ukuta kwa kitambaa kikavu. Plastiki ikiwa kavu pande zote, una bahati, songa mbele.

Angalia pia kama kuna unga mweupe ukutani, kama chumvi. Kweli ni chumvi. Maji yanapopita kwenye saruji na matofali huibeba, na yakikauka huiacha juu. Ukiifagia leo na maji bado yanapita, itarudi.

Ukungu ndio adui

Madoa meusi kwenye pembe za dari na nyuma ya mlango ni kuvu. Ni kitu kilicho hai, na ukikipaka rangi kitaendelea kuishi chini yake mpaka kitokeze tena. Isitoshe, kwa mtu mwenye pumu, kulala mita mbili kutoka kwa kuvu si mchezo.

Yaoshe madoa kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoelekeza. Iache dakika chache, sugua, suuza, ukaushe. Vaa glavu, fungua dirisha. Na hapa sikiliza vizuri: usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala na kisafishaji chenye amonia. Klorini na asidi vikikutana hutoa gesi ya sumu, na bafu la bedsita ni dogo mno kukupa nafasi ya kukimbia.

Kama una shawa ya umeme, zima swichi yake kuu kabla ya kupitisha kitambaa chenye maji karibu nayo. Usiipake rangi, wala usiweke tepu juu ya nyaya zake.

Kisha ziba nyufa na matundu ya misumari kwa fila, iache ikauke kama pakiti inavyosema, na upige msasa, namba 120 hivi inatosha, mpaka kiganja kisihisi ukingo wowote. Kama jengo ni la zamani na rangi ni ya mafuta, lowesha ukuta kidogo kabla ya kupiga msasa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hutaki livutwe na wewe wala mtoto wa jirani. Funga pua na mdomo, na vumbi ulifute kwa kitambaa chenye maji badala ya kulifagia.

Rangi gani, na kiasi gani?

Hapa ndipo vijana wengi hupoteza pesa hadwea. Ukuta wa bafu unahitaji rangi inayooshika. Una njia mbili. Rangi ya mafuta ni ngumu, inang'aa, inasukuma maji vizuri, lakini inanuka siku kadhaa na brashi huoshwa kwa tapentaini. Rangi ya maji yenye mng'ao, ile mafundi wanaita silki, hainuki sana na brashi inaoshwa kwa maji. Ile rangi ya maji ya bei ya chini isiyo na mng'ao iache kwa dari ya sebuleni. Bafuni inakunywa maji na kuchorwa na kila kidole.

Uliza pia ukuta wako una nini tayari. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki, itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Piga msasa mpaka mng'ao ufe, pitisha andakoti, ndipo upake.

Kiasi? Lita moja hufunika karibu mita mraba 10 kwa mkono mmoja. Tuseme tailsi zako zinafika kifuani na ukuta uliobaki juu yake ni upana wa sentimita 126 na kimo cha sentimita 96. Hiyo ni mita mraba 1.2 hivi. Ukipaka mikono miwili umetumia robo lita. Basi usishawishiwe kubeba mkebe wa lita nne. Nunua mkebe mdogo kabisa wa kila rangi, na ile ya chini tu ndiyo uongeze kidogo.

Pamoja na rangi, beba msasa, fila, brashi ndogo bapa, rola ndogo, wembe, penseli, uzi, na tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi. Selotepu usijaribu. Itaacha gundi ama ing'oe rangi.

Hii si mambo ya TikTok

Kabla ya kushika penseli, jua kwamba unajiunga na msururu mrefu. Nenda Mji wa Kale wa Lamu, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Ndani ya nyumba za mawe za karne ya 18 utaona kuta za chokaa zenye nakshi, na zidaka zilizopangwa safu kwa safu, kila kimoja sawa na mwenzake. Na bafuni? Kulikuwa na birika la maji, na chini yake lilijengewa bakuli la kaure. Samaki wadogo waliwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu.

Fikiria hapo kidogo. Watu hao hawakutenganisha urembo na maji. Bakuli lilipendeza na lilikuwa na kazi.

Umbo lenyewe pia liko nyumbani. Mwangalie mama anayesuka ukili wa mkeka, ama anayesuka kiondo. Hana rula wala penseli. Anahesabu: mbili juu, mbili chini, rangi inaingia, rangi inatoka. Mchoro unatokea wenyewe kwa sababu hesabu haikukosewa. Ukuta wako utafanya vivyo hivyo.

Sasa pima

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini Pythagoras wa kidato cha pili hakuniacha. Leo atakulipa.

Chukulia ule ukuta wetu wa sentimita 126 kwa 96. Usianzie pembeni, maana pembe za nyumba za kupanga mara nyingi hazijanyooka. Acha mpaka wa sentimita 3 kila upande, kama fremu ya picha. Huo mpaka ni rafiki yako: tailsi zikiwa zimelala kidogo ama dari ikiwa imeinama, tofauti hiyo inamezwa na fremu na hakuna atakayeiona. Ndani unabaki na sentimita 120 kwa 90.

Gawa miraba ya sentimita 30. Nne kwenda, tatu kupanda, jumla 12. Kama vipimo vyako ni tofauti, badilisha ukubwa wa mraba mpaka igawanyike sawa. Usiache kipande cha nusu upande mmoja.

Mstari wa kusimama upate kwa timazi. Huna? Funga nati kwenye uzi, uning'inize, usubiri itulie. Uzi haujui kudanganya. Mstari wa kulala tumia pimamaji, ama programu ya simu kama huna. Halafu hakiki pembe: pima sentimita 60 kwenye mstari wa kulala, 80 kwenye mstari wa kusimama, kisha upime kutoka ncha hadi ncha. Ikitoka 100 kamili, pembe yako imekaa mraba. Ikitoka 101, rekebisha sasa, kwa sababu penseli inafutika na rangi haifutiki.

Kisha kata kila mraba kwa ulalo, wote ukielekea upande mmoja: kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Unapata pembetatu 24, mbili kwa kila mraba.

Na hapa ndipo hesabu inakupa zawadi. Tia alama ya X kwenye pembetatu zote za juu kushoto. Zitakuwa 12. Sasa angalia: hakuna X inayogusa X nyingine ubavu kwa ubavu. Zinakutana kwenye ncha tu. Maana yake ni kwamba unaweza kupaka zote siku moja, kwa tepu ya mara moja, bila kungoja jirani akauke. Ukitaka rangi ya tatu, chagua pembetatu tatu ama nne kati ya hizo 12, uzipe rangi hiyo. Zile 12 zisizo na X hazipakwi kabisa. Zinabaki na rangi ya chini. Mtu atadhani umefanya kazi ya wiki nzima.

Tepu na siri ya mafundi

Utaratibu ni huu. Paka ukuta wote rangi ya chini, iliyo nyepesi kuliko zote, mikono miwili. Subiri. Rangi ya mafuta ipe siku nzima kati ya mkono na mkono. Ya maji saa chache, ila kwa bafu lisilopata hewa ongeza muda. Mkebe una maagizo, yasome. Kabla ya kubandika tepu, ngoja angalau siku nyingine, la sivyo tepu itaondoka na rangi yako.

Ndipo uchore miraba kwa penseli, kidogo tu, usikandamize. Tepu iwekwe nje ya pembetatu yenye X, ukingo wake ukigusa mstari. Kwenye ncha, tepu ya pembetatu moja itaingilia nyingine. Ikate kwa wembe taratibu, bila kuchana rangi ya chini. Bonyeza ukingo kwa ukucha ama kadi ya laini ya simu.

Sasa siri. Kabla ya rangi ya pili, pitisha ile rangi ya chini kwenye ukingo wa tepu, kidogo. Daima kuna rangi inayopenyeza chini ya tepu. Ukifanya hivi, itakayopenyeza ni rangi ileile iliyo ukutani tayari, na mlango unafungwa. Ikikauka, paka rangi yako ya pili kwa mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito hutiririka na kuacha ukingo mnene.

Bandua tepu wakati mkono wa mwisho haujakauka kabisa. Vuta polepole, ukiirudisha nyuma kwa mshazari kuelekea ulikotoka. Ukingoja mpaka kesho, rangi imeshikana na tepu na itang'oka nayo vipande vipande.

Na rangi zenyewe? Bafu la bedsita halina mwanga mwingi. Fanya nyeupe ama krimu iwe mwenyeji, rangi moja nzito iwe mgeni, na ya tatu iwe chumvi tu. Paka kipande cha karatasi kwanza, kibandike bafuni, ukiangalie asubuhi na usiku chini ya balbu yako. Rangi inayopendeza hadwea inaweza kugeuka kijivu nyumbani.

Siku za kungoja

Hii video hazisemi kabisa: utaoga wapi? Rangi ikikauka kwa kidole haijakomaa. Ipe siku tatu bila mvuke, na wiki ni bora zaidi kwa rangi ya mafuta. Panga mapema. Ongea na rafiki, oga kwa beseni mbali na ukuta huo, ama fanya kazi wikendi unayosafiri ushago. Ukitumia rangi ya mafuta, usiwashe jiko wala mshumaa karibu. Mvuke wa tapentaini unashika moto. Na usilale umefunga madirisha yote.

Kama baada ya kusoma haya umeona kazi ni kubwa, mlipe fundi, si aibu. Lakini sasa unajua la kumuuliza: ukuta umepimwa unyevu? Andakoti iko? Atasubiri muda gani kati ya mikono? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Na wewe unayetafuta kibarua, tazama upande wa pili: wanaojua kupaka ukuta mzima ni wengi, wanaojua kupima pembetatu 24 zikatoshana ni wachache. Ukuta wako mwenyewe ukitoka vizuri, picha zake ndizo cheti chako cha kwanza.

Siku ya kuhama, timiza ahadi. Piga msasa kwenye kingo za pembetatu ili zisionekane chini ya rangi mpya, andakoti mara moja, nyeupe mara mbili, na dipoziti yako inakungoja. Andika mapema jina na namba ya rangi ya awali ya ukuta kama keateka anaijua, itakuokolea safari nyingi.

Kwa hivyo leo usikimbilie hadwea. Kata kile kipande cha plastiki, kibandike ukutani, ulale. Kesho kutwa ukuta wenyewe utakwambia kama uko tayari.